Daftari la viuno

Suruali yangu ya kijivu, ile ya Idi na ya kuendea ndoa, nimeilegeza mara tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi anayejua kazi akishona suruali ya mwanamume huacha kitambaa cha akiba kule nyuma, mshono unapopanda kukutana na mkanda, kwa sababu anawajua wanaume. Mara ya kwanza nilitoa nusu inchi, nikasema kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Mara ya pili inchi nzima, lawama nikaitupia pasi. Mara ya tatu akiba ikaisha kabisa. Kijana wangu wa dukani alinitazama nikifumua, akasema, "Fundi, ya nne itabidi tutie kiraka." Tukacheka. Tepu ilikuwa shingoni mwangu muda wote huo. Miaka 23 nimevizungushia tepu viuno vya watu hapa Ngamiani, Tanga, na cha kwangu sikukijua.

Nilikuja kukijua Novemba ya mwaka juzi. Ilikuwa wiki ya Siku ya Kisukari Duniani, ambayo huwa tarehe 14, na pale karibu na soko walikuwa wamepiga turubai wanapima watu bure. Nilikwenda kwa kuwa foleni ilikuwa fupi na nilikuwa namsubiri mtu wa vifungo. Kijana mmoja akanitoboa kidole, akalipeleka tone kwenye kimashine, kikasoma 8.9, yaani milimoli za sukari kwenye lita moja ya damu. "Mzee, una kisukari," akasema, kama mtu anayekuonyesha tope kwenye kiatu, kisha akamwita wa nyuma yangu. Hakuniuliza nimekula nini. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza chai ya maziwa na maandazi matatu.

Wiki iliyofuata niliiishi kijinga. Wali niliacha, ugali niliacha, nikawa nakula matango kama mbuzi aliyekata kamba. Nilichemsha majani ya mlonge, nikaloweka bamia usiku na kunywa ule mlenda asubuhi, na mteja mmoja wangu, namheshimu sana, akaniuzia unga wa mizizi uliokuwa kwenye chupa ya maji. Mlonge ni mboga nzuri na bamia naipenda, lakini ule unga ulinipeleka chooni siku mbili. Mke wangu ndiye aliyenirudisha kwenye akili. "Umeambiwa na mtu aliyekupima umeshiba," alisema. "Nenda ukapimwe una njaa."

Nikaenda. Sikula kitu tangu baada ya isha, na asubuhi damu ikatolewa kwenye mshipa badala ya kidole. Jibu likaja 6.3. Daktari, dada mmoja mtaratibu aliyekuwa akiniita "baba" kwa kila sentensi, akanichorea mstari nyuma ya karatasi. Mtu aliyelala bila kula, akiwa chini ya 5.6, hana neno. Akifika 7.0 hicho ni kisukari, na hata hapo, kama hana dalili, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla hajapewa jina hilo. Katikati ndiko nilikokuwa mimi. Wamarekani huanza kuhesabu hatari kwenye 5.6 na Shirika la Afya Duniani kwenye 6.1, kwa hiyo kwa hesabu yoyote ile nilikuwa nimo. Ile 8.9 ya kwenye turubai, alisema, ilikuwa sababu nzuri ya kunileta pale, lakini haikuwa jibu. Kipimo cha ghafla huitwa kisukari kinapofika 11.1 na mtu ana dalili zake, kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo kila mara.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kwenu kuna sikoseli? Nikamwambia mtoto wa dada yangu anayo. Akaeleza kwamba kipimo kile cha HbA1c, kinachosoma wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, hutegemea chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi. Mwenye sikoseli, au anayebeba vinasaba vyake tu bila kuumwa, anaweza kupata jibu lililopungua kuliko ukweli. Kwa hiyo akaniandikia kipimo cha kunywa. Gramu 75 za glukosi kwenye maji, unamaliza, unakaa kwenye benchi saa mbili bila kutembea, kisha unatolewa damu tena. Ni utamu unaokwangua koo. Nikiwa kwenye lile benchi niliwaza kwamba kwenye kijiwe chetu nimekunywa soda mbili mfululizo mara nyingi tu, na sikuwahi kuziona kama adhabu.

Jibu likawa 8.8. Mpaka wa chini wa hatari ni 7.8, na kisukari huanzia 11.1. "Baba, wewe huumwi," daktari akasema. "Lakini kongosho lako linakesha."

Hilo la kukesha nililielewa haraka kuliko yote. Mwezi wa Ramadhani, kumi la mwisho, kila mtu anataka kanzu. Fundi hulala saa tatu kwa usiku, macho mekundu, na kila nguo inatoka kwa wakati wake. Mteja akija anaona duka zuri, kazi safi, hakuna tatizo. Tatizo liko kwa fundi. Misuli na ini vikishakuwa vizito kuisikia insulini, ile homoni ya kongosho inayoviambia vipokee sukari kutoka kwenye damu, kongosho hutengeneza zaidi na zaidi, na sukari inaendelea kuonekana ya kawaida au inapanda kidogo tu. Siku fundi akianguka juu ya cherehani ndipo mtaa unajua.

Nilimuuliza kuhusu vidonge, maana mama yangu anavitumia. Akasema metifomini ipo, na kuna watu wa mpakani wanaopewa, ila kwangu angependa tuanze na maisha yenyewe. Akanisimulia utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa pale pale nilipo mimi. Kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa, kundi la pili metifomini, la tatu likafundishwa kula na kutembea: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Walifuatiliwa karibu miaka mitatu. Kila mwaka, katika kila watu mia wa kundi la kwanza, kama 11 waliingia kwenye kisukari. Kwenye metifomini walikuwa karibu 8. Kwenye kundi la kutembea walikuwa karibu 5. Mimi ni mtu wa vipimo, nikapiga hesabu hapo hapo: nina kilo 86, asilimia 7 ni kilo sita. Kilo sita ni mfuko wa unga wa kilo tano na kilo moja ya sukari. Nikajiona naweza kuushusha mfuko mmoja.

Sikujua kwamba mfuko wenyewe umeshikwa na watu wengi.

Kwetu pwani mgonjwa ana ruhusa zake. Mwenye kisukari akikataa soda kwenye harusi, watu humwambia "pole" wakamletea maji. Mimi nikikataa naulizwa nani kanikasirisha. Sina cheti cha ugonjwa, sina dawa mfukoni, sina kidonda. Mteja akifurahia koti lake anamtuma mtoto na soda baridi ya fundi, imeshafunguliwa, kizibo kimetupwa. Utairudisha wapi? Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Miezi ya mwanzo nilikuwa naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, na mteja akishapinda kona nampa kijana wangu. Hadi kijana naye akaanza kunenepa, nikaona nimehamisha mzigo tu.

Nyumbani kulikuwa na chai. Kwetu, kama kwenye nyumba nyingi, sukari hutiwa humo humo kwenye sufuria, pamoja na tangawizi na iliki. Kwa hiyo hakuna chai ya baba na chai ya watoto. Kuna chai. Mke wangu alihesabu siku moja: kikombe changu kilikuwa kinabeba kama vijiko vitatu, na kwa siku nilikunywa vikombe vitano, viwili nyumbani na vitatu dukani. Vijiko 15, gramu 60 hivi, kabla ya soda na kabla ya andazi. Shirika la Afya Duniani linamwekea mtu mzima ukomo wa kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na linasema ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Nilikuwa nimeshapita kabla ya adhuhuri.

Tukatoa sukari kwenye sufuria, tukaiweka mezani kwenye kopo. Siku ya kwanza watoto wakatia vijiko vinne vinne, kwa sababu sasa ilikuwa mikononi mwao. Mke wangu akakificha kijiko kikubwa. Mimi nilishuka taratibu: viwili wiki tatu, kimoja wiki tatu, nusu, kisha nikaacha. Nadhani ilichukua miezi miwili. Sasa chai ya rangi yenye mchaichai nainywa kavu, na ajabu ni kwamba nausikia mchaichai wenyewe. Kahawa haikunisumbua kabisa, maana kahawa ya barazani ni chungu tangu enzi za babu zetu. Kilichonisumbua ni kashata. Muuza kahawa wetu hakuelewa mtu anawezaje kunywa vikombe vitatu bila kashata hata moja. Alidhani nimefilisika, akaanza kunipa ya bure.

Tulivyofika kwenye ugali, nilikuwa nimeshanunua kimashine cha kupimia sukari, na stripu zake si za kuchezea, kwa hiyo kila tone nililitumia kwa hesabu. Kila mtu alikuwa ameniambia hamia dona. Nikahamia. Saa mbili baada ya bonge langu la kawaida la sembe nilisoma 9.1. Saa mbili baada ya bonge lile lile la dona nilisoma 8.7. Mke wangu akauliza, "Hiyo ndiyo dawa uliyoniletea unga wa gharama?" Dona ina pumba na kiini chake, ina faida zake, lakini ikisagwa laini kama poda bado ni mahindi, na tumbo halina kazi kubwa ya kuyavunja. Siku ya tatu nikakata bonge nusu, nikajaza mchicha na dagaa kwenye nafasi iliyobaki, na mboga nikaanza kuzila kabla sijagusa ugali. 7.4. Mtu mmoja na kimashine kimoja si utafiti, najua. Ila tangu siku hiyo nimeacha kubishana na watu kuhusu rangi ya unga. Nawauliza ukubwa wa bonge.

Wali wa nazi sijauacha na sitauacha. Nimeupeleka siku ya Ijumaa, kwa kikombe, na kunde pembeni. Wapo wanaosema kiporo kina nafuu, na kuna ukweli ndani yake: wali ukipikwa ukapoa kwenye baridi, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kusagika. Nafuu yenyewe ni ndogo. Na mtu asije akaacha sufuria juu ya meza usiku kucha kwa joto la Tanga kwa sababu ya maneno yangu. Wali uliolala hivyo unaweza kukuumiza tumbo hata ukiupasha moto upya.

Kuhusu matunda nilitukanwa kidogo, kwa sababu hapa machungwa ya Muheza ni kama maji. Chungwa moja lililomenywa, unalila na nyama zake, unamaliza dakika tano, umetafuna. Glasi ya juisi ni machungwa manne, nyuzi zimebaki kwenye chujio, unaimeza kwa pumzi mbili. Machungwa naendelea kula. Juisi nilishaipa talaka, na yeye hajanirudia.

Nimekaa sana kwenye chakula, na msomaji anaweza kudhani ndicho kilichobadilisha mambo. Kwangu mimi naamini ilikuwa miguu.

Cherehani yangu ni Singer ya kukanyaga, nimeirithi kwa fundi aliyenifundisha. Miaka kama mitatu kabla ya kupimwa niliifunga mota. Ilikuwa fahari: unagusa kwa kidole gumba cha mguu, sindano inakwenda kama mvua. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Kipindi hicho hicho nilipata uwezo wa kupanda bodaboda kutoka nyumbani, baiskeli nikamwachia mwanangu, katika mji huu ambao watu wa nje hutucheka kwa baiskeli zetu. Nilikuwa nakaa kwenye kiti saa kumi na moja kwa siku, na kitu pekee kilichotembea ni kidole gumba. Sisemi mota ndiyo iliyonipa sukari. Mama anayo, kaka anayo, umri nao haurudi nyuma. Ila nilipomweleza daktari, aliweka kalamu chini. Msuli unapofanya kazi, alisema, huvuta sukari kutoka kwenye damu bila hata kungojea insulini iubembeleze, na misuli ya miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini. "Baba, ulikuwa na dawa chini ya meza, ukaifungia umeme."

Nilirudi dukani nikaufungua mkanda wa mota na kuurudisha ule wa ngozi kwenye gurudumu la chini. Siku nne za kwanza mashavu ya miguu yaliniuma hadi nikawa nashuka ngazi ya duka kinyumenyume. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba asubuhi hadi adhuhuri nakanyaga, jioni kazi zikibana nawasha mota. Umeme ukikatika, jirani zangu wenye mashine za kisasa wanakaa nje kupiga soga na mimi nasikika ndani: tak-tak-tak-tak. Kijana wangu anaita hiyo "jimu ya fundi." Baiskeli nilimnyang'anya mwanangu, tukanunua mbovu nyingine tukaitengeneza. Na baada ya chakula cha mchana, badala ya kujilaza juu ya marobota, naivuka reli, natembea mjini dakika kumi na tano, narudi. Hapo ndipo kimashine kilinishangaza zaidi, kwa sababu chakula kile kile, siku ya kutembea na siku ya kulala, kilinipa tofauti ya zaidi ya moja nzima.

Nilipoanza kupungua, mtaa ukanyamaza. Wazee wenye umri wangu wanajua maana yake. Kwetu mtu akikonda bila kutangaza, watu humtangazia. Mteja wa siku nyingi alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, uko salama?" Mwingine akasema kazi imekuwa ngumu, dukani hakuna wateja, ndiyo maana mwili unaisha. Mama yangu alinitazama mlangoni, sijamaliza hata shikamoo, akasema, "Mwanangu, huyo mkeo anakunyima?" Mke wangu alikuwa nyuma yangu amebeba ndizi.

Usiku mmoja, nikitafuta vipimo vya bwana mmoja anayetaka suti, nilikuta nimekaa chini na madaftari yangu yote. La kwanza ni la mwaka 2002. Kila mteja ana mstari wake: urefu, kiuno, nyonga, paja, pindo. Sikuwahi kuyasoma kwa kufuatana. Mwalimu mmoja: mwaka 2004 kiuno inchi 31, 2011 inchi 34, 2016 inchi 36, mwaka juzi 40. Karani mmoja wa bandarini: 30, 33, 37. Muuza samaki anayezunguka na baiskeli mpaka leo: 30, 30, 31, 30. Nikaendelea hadi mke wangu akaja kuniuliza kama nimepoteza hela.

Kuna jambo ambalo fundi analijua na daktari huenda halijui. Kiuno cha suruali si kiuno. Mwanamume akishaota tumbo huishusha suruali chini yake, na anaweza kukuapia kwamba anavaa 38 tangu alipooa. Ni kweli anavaa 38, ila tumbo limepita juu ya mkanda kama mkate uliozidi kwenye chombo. Daktari hupima katikati, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Kipimo kinachotumika kwa wanaume wetu ni sentimita 94, yaani inchi 37, na kwa wanawake sentimita 80, inchi 31 na nusu. Nilijipima hivyo mbele ya kioo cha wateja. Suruali yangu ilisema 38. Tepu ilisema 41.

Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1980 profesa mmoja wa Muhimbili, Donald McLarty, na wenzake walikwenda kwenye vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakawapima watu wazima zaidi ya 6,000. Matokeo yalitoka mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Mwaka 2012 ulipofanyika uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64, walikuwa karibu asilimia 9. Vijiji si taifa zima, na umri haukuwa ule ule, kwa hiyo mtu asizibandike namba hizo mbili pamoja kama shati na mkono wake. Lakini nikiyafungua madaftari yangu sishangai.

Lipo jambo moja ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Kaka yangu mkubwa anaishi Korogwe. Alijua sukari yake siku alipolazwa, na kidonda cha kidole kilikuwa kimeshapanda. Wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Alipopata nafuu alikuja dukani kwangu na suruali zake tatu kwenye mfuko, akakaa kwenye kiti cha wateja, magongo ameyaegemeza kwenye meza ya kukatia. "Fundi," akaniita, yeye ambaye hajawahi kuniita hivyo, "mguu mmoja, si bei nusu?" Nikamwambia, "Kaka, hapa mshono ni huo huo." Nikapiga magoti, nikapima kutoka mkanda hadi pale mguu unapoishia, nikatia alama ya chaki. Nimekata pindo za maelfu ya suruali. Vile vipande vitatu vya kitambaa, kila kimoja kama inchi 14, havikwenda kwenye boksi la viraka. Viko kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Nilikuwa na kilo 86 siku hiyo, na alipoondoka nilikunywa soda.

Februari, miezi mitatu baada ya daktari, nilikuwa na kilo 82 na sukari ya asubuhi 5.8. Nikajisifu mno. Kisha ukaingia Shaaban, mwezi ambao watu huozesha kama hakuna kesho, halafu Ramadhani na kanzu zake. Nililala saa tatu tatu, nikala chipsi usiku wa manane kwa kuwa ndizo zinazopatikana usiku wa manane, mota ikawaka asubuhi hadi asubuhi. Baada ya Idi: kilo 84, sukari 6.2. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza nalala saa ngapi, nikaona aibu kujibu. Usingizi ukipungua insulini nayo hufanya kazi vibaya, hata kama sahani ni safi. Tulikubaliana kitu kimoja tu: mwaka unaofuata nifunge kitabu cha oda mapema. Novemba iliyopita, mwaka mzima tangu lile turubai, nilikuwa na kilo 81 na sukari 5.7, na baada ya ule mnywo wa glukosi 7.6. Kwa ule mstari aliouchora, moja bado imegusa upande mbaya na nyingine imetoka kwa kunyata. Nitakuwa napimwa kila mwaka, labda maisha yangu yote.

Kitabu cha oda mwaka huu nilikifunga tarehe kumi Ramadhani. Nimepoteza wateja sita na rafiki mmoja. Daktari aliniruhusu kufunga. Akasema kwangu mimi hatari haiko kwenye saa za njaa. Iko kwenye futari. Nafungulia tende tatu na maji, kisha bakuli la kunde na samaki, muhogo wa nazi vipande viwili, na tambi za sukari naziangalia tu. Sala, kisha natembea hadi msikiti wa mbali kwa tarawehe, na wa karibu nimewaachia wazee.

Jana mama alimtuma mjukuu na hotipoti. Nilikuwa nimemwomba kwa adabu, mara mbili, kwamba kama ni lazima kaimati ziwepo basi ziwe tatu. Mtoto akaniletea ujumbe: "Bibi amesema zile tatu ulizotaka zipo." Nikafungua. Zilikuwa tatu, kila moja kubwa kama chungwa la Muheza.